Onyo la Hewani Ulilituma

Kaka Jilo,

Leo nimemtoa jasho bosi wetu mbele ya watu, tena jasho la kweli. Nimefurahi mno, wala sioni haya kukwambia.

Hukusikia alichosema kwenye mazishi yako. Alishika maiki akawaambia watu kwamba ulisahau kutuma onyo la mafuriko, ndiyo maana ukalazimika kulipeleka mwenyewe kwa mtumbwi kijijini kwenu Hewani. Mama yako akainamisha kichwa. Nami nilinyamaza, Kaka. Nilinyamaza kama bubu.

Na nilikuwa meza ya pili pale ofisini, nikiona yote! Maji yalivuka alama ya hatari kule Madogo, juu ya mto, Jumatatu, ukatuma papo hapo. Lakini mfumo ule wa zamani ulikwenda kijiji kwa kijiji, wala haukusogea mpaka kijiji kilichotangulia kijibu. Mzee mmoja alikuwa malishoni na ng'ombe, simu imezima. Onyo la Hewani likakwama nyuma yake hadi Jumatano. Ukawapigia simu, wakasema wanangoja ujumbe wa ofisi, kwa kuwa bosi mwenyewe ndiye aliyewafundisha wasihame kwa maneno ya simu. Ukaenda. Wao walihama wote. Wewe hukurudi.

Mwaka mzima ulikuwa umemsihi tuhamie jukwaa jipya la kompyuta, lile linalopokea taarifa ya maji, linaiweka kwenye foleni, na kila kijiji kinapata ujumbe wake bila kumngoja jirani. Alikucheka, eti unaleta mambo makubwa ya Nairobi. Mimi ulinifundisha kwa kugonga meza kila nikikosea: "Wewe Amina, mbona unamngojesha mtu bure?" Meza hiyo sasa ni yangu, na bado nasubiri igongwe.

Basi leo, hapa Garsen, jukwaa lako limezinduliwa. Bosi akasimama akasema ni wazo lake. Kisha akaniita nioneshe linavyofanya kazi. Nikazima simu ya kijiji kimoja, vingine vyote vikapata ujumbe, watu wakapiga makofi. Sikukaa. Nikaweka ukutani rekodi za mfumo wa zamani: jina lako, Jumatatu, imetumwa. Hewani, inasubiri. Inasubiri. Inasubiri.

"Jilo alituma," nikasema. "Aliyekataa kuubadilisha mfumo ni huyu."

Baadaye alinivuta pembeni, akaniomba tuyamalize kiofisi. Sikumhurumia hata chembe.

Nimempa nafasi moja. Jumapili tunakwenda naye Hewani, amwambie mama yako ukweli kwa mdomo ule ule aliokuchafulia jina. Asipokuja, nitabandika rekodi zile kwenye mlango wa ofisi yake, na kila akibandua nitabandika nyingine, hata wanifukuze kazi.

Pumzika sasa, Kaka. Nakuahidi mama yako atainua kichwa, na huyo mtu atakuwa amesimama mbele yake akitazamwa.

Amina