Waya Chini ya Jeneza

Kongo, Kawangware
12 Oktoba 1997

Kwa baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nikiwa mzima, isipokuwa kikohozi cha hii mvua iliyokataa kuisha. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama, bado anagombana na lile paa? Wasalimie wote huko Mashimoni, hata majirani wasionipenda.

Najua utashangaa binti yako anakuandikia barua kama aliye Ulaya, na kumbe ni kuvuka Ngong Road tu na kuteremka. Lakini ni wewe uliyesema mbele ya wazee wa kanisa kwamba nisikanyage mlango wako mpaka nikubali kuolewa na Wepukhulu na niache kazi ya kulala chini ya magari na wanaume. Sijakubali na sijaacha, kwa hivyo sitakanyaga. Barua ataileta Lavender, mtoto wa shangazi, maana kila siku anapita huko akienda kuuza nguo soko la Toi.

Habari yenyewe ni hii. Phanuel mwenye gereji amenipa gari langu la kwanza. Si kumshikia mtu tochi, ni gari langu mwenyewe la kufunga muziki. Ni Landrova ndefu ya Okeyo, yule anayesafirisha maiti mpaka kule ziwani, kwenye njia ambazo gari la kawaida likiingia linalala huko. Anataka spika kubwa ya besi nyuma pamoja na amplifaya yake, kwa sababu spika ndogo za mbele zinamezwa na injini, na kwao mtu hafiki nyumbani kimya. Lazima boma lisikie anakuja kabla gari halijaonekana.

Sasa besi inataka sanduku. Inataka mbao nzito na kona zilizoshikana, hewa isipenye hata kidogo, la sivyo sauti inatoka kama ya debe. Anayeweza kushikanisha kona namna hiyo namjua mmoja tu, na anatengeneza majeneza Mashimoni. Nitengenezee, baba. Nitalipa kama mteja mwingine yeyote. Kazi hii ikienda vizuri, Phanuel atanifanya fundi wa sauti hapa. Ikiharibika, narudi kuosha magari. Wanaume wa hapa wote wanaomba iharibike, na mimi sina mpango wa kuwafurahisha.

Binti yako,
Nasike


Mashimoni, Kibera
19 Oktoba 1997

Kwa Nasike,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi tunaendelea. Mgongo ni ule ule. Paa linavuja juu ya kitanda, na mama yako amehamisha kitanda badala ya kuongea na mwenye nyumba.

Jibu ni hapana. Nimetengeneza majeneza tangu kabla hamjazaliwa nyote, na kila moja lilitoka hapa kwa wimbo wa kanisa. Huyo Okeyo namjua, ananunua kwangu. Hata gari lake nalijua kuliko wewe, maana ni mimi hufunga jeneza ndani lisitembee njiani. Akitaka kupiga kelele barabarani ni shauri lake, lakini mbao zangu hazitapiga muziki wa baa.

Wepukhulu ni mtu mzima, mweka hazina wa kanisa, amefiwa na mke na bado nyumba yake inafagiwa. Hanywi. Hajawahi kumpiga mtu. Amesema atangoja. Wewe unangoja nini, Nasike? Msichana akishazoea spana, nani atampa mwiko?

Lakini mtoto akililia wembe, mpe. Haya, chukua hiyo kazi yako.

Baba yako,
Boaz Khamala


Mashimoni, Kibera
9 Novemba 1997

Kwa Nasike,

Salamu nyingi. Natumai kikohozi kimepungua. Mama yako amempa Lavender dawa ya kienyeji akuletee, unywe hata kama ni chungu.

Nimesikia yaliyotokea. Okeyo alikuja hapa amefura kwa hasira. Anasema walipoacha lami spika ilikuwa inatetemesha mabati ya maduka, watoto wanakimbia nyuma ya gari. Halafu karibu kabisa na boma, akina mama wameshatoka kulipokea gari, ikakata. Wakagonga, wakazima, wakawasha, hakuna kitu. Wenye msiba wamemwambia mtu wao ameingizwa nyumbani kama mwizi, na kwamba wakifiwa tena hawatamwita yeye. Jeneza lilikuwa langu, kwa hivyo aibu hiyo imenigusa hata mimi.

Sikuandikii ili nikucheke. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na lako limevunjika mbele ya watu. Basi, yaishe. Wepukhulu na watu wake watakuja hapa Jumapili tarehe kumi na nne Desemba, baada ya ibada, kuongea habari ya ng'ombe. Nikishakaa nao neno langu halirudi nyuma. Rudi kabla ya siku hiyo. Mlango utafunguliwa na hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi.

Baba yako,
Boaz Khamala


Kongo, Kawangware
16 Novemba 1997

Kwa baba,

Hujambo, na mama hajambo? Dawa nimeinywa. Ni chungu kweli, lakini kikohozi kimekimbia, mwambie asante sana. Na guu langu nimelikagua pande zote. Halijavunjika.

Okeyo alileta Landrova hapa gereji akapiga kelele mpaka nusu ya Kongo ikasimama kutazama. Alisema, "Mimi nilikataa hii kazi kufanywa na mwanamke, nikaambiwa niamini. Sasa ona. Mwili imefika kimya." Nilimtazama Phanuel anitetee. Akaniletea ndoo na kitambaa.

Ndoo niliiweka chini. Nikamwambia sitaosha gari lolote mpaka nione kilichoua waya yangu, na kama ni mkono wangu nitaosha mpaka Krismasi bila kunung'unika. Nikafungua boneti. Fyuzi imeungua. Nikaifuata waya ya moto kutoka kwenye betri, ikaingia ndani, ikapita sakafuni upande wa kushoto chini ya mkeka wa mpira, kama Phanuel alivyonifundisha kwa magari madogo. Nikaukunja mkeka pole pole mpaka nyuma. Hapo nikakutana na kile kipande cha mbao kinachofungwa sakafuni kuzuia jeneza lisiteleze. Skrubu yake moja ilikuwa imeikwaruza waya yangu. Kwenye lami haikusumbua. Njia ilipoharibika jeneza likaisukuma ile mbao, mbao ikaisukuma skrubu, skrubu ikala mpira wa waya mpaka ikagusa shaba. Shukuru Mungu kwa fyuzi, maana bila hiyo gari lote lingewaka na watu wakiwa ndani.

Nikaifungua ile skrubu. Meno yake yalikuwa yamepakwa mshumaa.

Baba, ni nani mwingine Nairobi hii anayepaka skrubu mshumaa kabla ya kuifunga? Huo mshumaa nimekushikia tangu niko darasa la pili.

Wanaume walikuwa wamenizunguka. Ile skrubu niliitia mfukoni. Nikimwonyesha Okeyo, mimi niko huru na wewe umepoteza mteja. Sijamwonyesha, na usidhani ni kwa heshima peke yake. Kuna jambo nataka kulijua kwanza, na nitakuuliza bila kuzunguka. Ulijua waya yangu iko pale? Kwamba gari hilo ni kazi yangu ulijua, nilikuandikia mwenyewe. Nijibu.

Kuhusu tarehe kumi na nne, hapana. Nakataa ng'ombe, nakataa mwiko, na huo mlango ukifunguliwa kwa bei hiyo ufungeni tu.

Binti yako,
Nasike


Kongo, Kawangware
7 Desemba 1997

Kwa baba,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo imechubuka kwa sabuni.

Hujanijibu. Lavender ameniambia uliisoma barua ukiwa umesimama, ukaikunja, ukarudi kwenye randa. Basi mimi nitaongea, wewe sikiliza.

Nimewaambia Phanuel na Okeyo kosa langu, na kosa langu ni hili: waya haina haki ya kulala sakafuni kwenye gari linalobeba majeneza. Sakafu hiyo ni ya seremala. Fundi mwingine angesamehewa kwa kutojua, lakini si mimi niliyekulia kwenye maranda ya majeneza. Lako sijalitaja. Kwa hivyo naosha magari kama nilivyoapa, asubuhi. Alasiri niliweka ndoo chini nikaifunga ile Landrova upya, na Phanuel alipouliza nani ameniruhusu, nikamwambia hakuna.

Safari hii hakuna kilichobaki chini. Waya ya moto nimeipandisha kwenye nguzo nyuma ya mlango wa dereva, nikaipitisha darini, na kila kona nimeivika mpira juu ya mpira. Waya za sauti nimezipeleka upande wa pili kabisa, maana zikilala pamoja na ya moto spika inalia kama mbu kila dereva akikanyaga mafuta. Na waya ya kurudisha moto nimeifunga kwenye chuma cha chesisi, sikuiamini bodi ya alumini. Lile sanduku nililojitengenezea uliponinyima lako, nimelivunja na kulishona tena kwa gundi na unga wa mbao, vile nimekuona ukifanya. Kona zangu si nzuri kama zako. Lakini hazitoi hewa.

Okeyo hakutaka hata kulijaribu. Alikuja kuchukua gari alipeleke kwa fundi mwingine, nikasimama mbele ya mlango wa dereva. Nilimwambia, "Nipe safari moja. Ikikata tena, urudi uchome kila kitu yangu hapa hapa, na mimi nitakuletea kiberiti." Alinitazama kama mtu anayetafuta tusi la kutosha, akakosa, akapanda. Jana ameondoka na maiti kwenda Siaya. Mito yote huko imefurika. Sijui kama itafika ikiimba, na ninaogopa, hilo nakuambia wewe tu.

Jumapili nitakuja. Sirudi, nakuja. Nitasimama nje ya mlango wako nimwambie Wepukhulu mbele ya wazee wako kwamba simtaki, asije akadhani ni wewe umemnyima. Hana ubaya, lakini simtaki. Baada ya hapo ukiniita mwanao nitaitika. Ukinyamaza, nitapanda nirudi Kongo kwa miguu yangu. Na swali langu bado liko pale pale.

Binti yako,
Nasike


Mashimoni, Kibera
12 Desemba 1997

Kwa mama yangu Nasike,

Nakusalimu sana. Mgongo umenipa nafasi wiki hii. Mama yako anaimba jikoni tangu Jumatano na nikimuuliza sababu anasema ni maharagwe yameiva haraka.

Swali lako. Sikujua kwamba kuna waya. Lakini mkeka niliuona umeinuka kidogo upande wa kushoto, nikajua kuna kitu chako chini yake, na sikuufunua. Angekuwa fundi mwingine ningeufunua, maana hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Sikuufunua kwa sababu niliogopa kukuta kazi yako ni nzuri. Nimechukua wiki hizi zote kujibu kwa kuwa nilikuwa natafuta jibu lingine, na sikulipata.

Okeyo amerudi kutoka Siaya. Anasema maji ya mto yaliingia mpaka kwenye sakafu ya gari, abiria wakainua miguu, na spika haikukohoa hata mara moja. Wameingia bomani ikiimba, wazee wakaja mbio wakidhani ni magari matatu. Alitaka kuendelea kusifu nikamwambia angoje, nikamweleza habari ya skrubu. Akaniuliza kwa nini alikuwa hajaambiwa. Nikamwambia aliyekuwa na haki ya kupiga kelele alinyamaza, na aliyepaswa kusema alikuwa anapiga randa. Amekasirika. Amesema majeneza atanunua kwingine. Nikamwambia anunue, ila huyo atakayemuuzia amfundishe kwanza kufunua mkeka. Alipotoka hapa alielekea kwa Phanuel. Sikumtuma.

Jumatano nilienda kanisani nikamwambia Wepukhulu mbele ya wazee kwamba Jumapili hakuna mazungumzo, binti yangu amekataa na mimi nimekataa pamoja naye. Wepukhulu alipokea kama mtu mzima, akanishika mkono. Ni mwenyekiti wa wazee aliyesimama. Akasema, "Mzee Khamala, yaani umeshindwa na mtoto msichana?"

Nikamwambia, "Nimeshindwa."

Wakangoja niongeze neno la kuomba radhi. Sikuongeza. Wameamua nisisome wala kuomba mbele ya watu kwa sasa, na niketi nyuma. Sawa. Huko nyuma ni karibu na mlango, Jumapili nitakuwa wa kwanza kutoka.

Kwa hivyo usije kukataa, hakuna tena wa kumkataa. Njoo tule. Nimeshamwambia mama yako meza itakaa nje, pale njia inapopita, hata mvua ikinyesha. Watu wote wa kanisa wakitoka ibadani watapita hapo, na kila mmoja ataona nimeketi na nani.

Baba yako,
Boaz Khamala