Kidonge Ameshika

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, saa ya kuanua nguo

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi, nyingi kuliko nguo za mtoto zilizo kwenye kamba hivi sasa. Hujambo huko? Mgongo je, bado unakuuma ukiinama kutandika vitanda vya wageni hapo hotelini? Vaa soksi, usijifanye kijana. Sisi hatujambo. Magoti yangu yanalalamika, lakini nimeyazoea kama mtu anavyozoea majirani.

Kwenye simu nilikwambia mtoto hajambo, ukasema nakuficha. Tena mwenzako wa kazini amenong'ona kwamba chakula hakipiti kooni, unakitazama tu, na kwamba unataka kuacha kazi uje. Basi tulia nikupe yote. Anayeandika ni kinyozi wetu, mume wa binti yako, maana mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimemwapisha aandike kila neno. Aliponisomea nikasikia ameweka "kifua" kwa aibu zake. Nimemwambia afute, aandike titi. Mtoto hanyonyi kifua.

Ni kweli, mwanzo ulitutoa jasho. Maziwa binti yako alikuwa nayo, matiti yamejaa hadi yakawa magumu kama jiwe la kunolea. Lakini Kidonge, ndivyo tunavyomwita kitukuu changu kwa udogo wake, anashika, anaachia, anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Chuchu zikachanika. Ikafika mahali mama yake anakunja uso na kuinua mabega kabla mtoto hajafika hata pajani. Mkunga alimwonyesha vizuri: kinywa kipanuke, kidevu kiguse titi, ashike na weusi wake, si ncha peke yake. Kichwa kilielewa, mwili ukakataa.

Kliniki wakampima Kidonge, uzito umeshuka. Muuguzi akasema tumrudishe Ijumaa, asipoongezeka aanzishiwe maziwa mengine. Mimi sina ugomvi na maziwa mengine, mtoto kwanza ashibe. Lakini binti yako alirudi akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Bibi, mimi hata kumlisha mwanangu siwezi." Neno hilo lilinichoma kama sindano.

Nikafanya nilijualo, nikaamrisha. Nyumba nzima kimya! Redio nikaizima. Kinyozi nikamkataza kupiga mluzi, na unajua bila mluzi hata kunyoa hawezi. Cherehani ya binti yako nikaifunika shuka. Wakaja shangazi watatu wa kinyozi, wakapanga viti, wakalikodolea titi macho kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Kila mmoja na ushauri wake, na mimi katikati, mkuu wao. Mtoto akazidi kulia.

Jumanne akaingia Mama Vifungo, fundi anayeshona na binti yako. Mkanda wa mashine yake umekatika, na ana sare za shule za kumalizia. Nikamwambia hapa hakushonwi leo, tunataka utulivu.

"Utulivu gani huu, Bibi? Hata msibani watu hukohoa."

Akaivuta shuka, akaketi, akaanza kukanyaga. Mwanangu, nilikuwa natafuta kandambili nimtupie. Mara binti yako akainua kichwa kule kitandani, mtoto analia mapajani.

"Mama Vifungo, unakivuta kitambaa! Kiache kiende chenyewe!"

"Wewe nyonyesha, niachie kazi yangu."

"Nikuachie vipi na mshono umepinda kama mkia wa mbwa?"

Wakashikana kwa maneno. Wakati anagombeza, mabega yake yakashuka, uso ukakunjuka, na mkono ukamsogeza mtoto wenyewe, kama anavyosogeza kitambaa chini ya sindano, bila kutazama. Hata sijui kilio kilikoma saa ngapi. Nilipoangalia, kinywa kimepanuka, kidevu kimezama, shavu linakwenda, koo linameza, gu, gu, gu. Titi la pili likaanza kuvuja lenyewe, blauzi chapachapa.

Binti yako akatazama chini. "Bibi, ananyonya."

"Naona. Wewe endelea kumgombeza huyo."

Wale shangazi niliwatoa pamoja na viti vyao. Nikajitoa na mimi, nikasimama mlangoni nikisikiliza mashine na koo la mtoto. Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile.

Tangu siku hiyo Mama Vifungo anashonea hapa. Mambo yote hayajanyooka, usije ukadhani nimekuwa malaika wa habari njema. Titi la kushoto Kidonge bado hulinunia, na chuchu moja ina kidonda. Lakini Ijumaa tulirudi kliniki, mshale wa mizani ukapanda, na Kidonge akautilia muhuri kwa kuikojolea ile mizani. Muuguzi akauliza tulifanya nini. Kinyozi wetu akajibu, "Cherehani." Maskini, alitazamwa kama mgonjwa aliyekosea dirisha. Nilipoeleza, muuguzi akacheka, akasema mama akitulia na maziwa hushuka. Nikamwambia hilo angeniambia mimi kabla sijazima redio.

Kwa hiyo kazi usiache. Njoo kwa likizo yako, uje kumbeba na kucheka, si kuzima moto, maana hakuna moto.

Kinyozi anakusalimu, mluzi nimemrudishia. Binti yako anakubusu mikono yote miwili. Mama Vifungo anakusalimu na kusema mshono wake haukupinda. Ulipinda. Mungu akufunike kwa mkono wake, akupe usingizi mzito na mgongo mpya.

Kidonge ameshiba, amelala mdomo wazi. Mama yake ameshiba, nimesimama hapohapo akimaliza sahani. Amebaki mtoto mmoja tu ambaye hajala, na huyo ni wangu. Ukimaliza kusoma, ikunje barua hii, uvute sahani, ule.

Wako akupendaye hata ukimtia hofu,
Mama