Chumba cha Mama Nilivyokiziba

Zuwena,

Mama yako bado yuko hapa Hamriya na mimi. Nakwambia hilo kwanza, maana ndilo uliloniusia.

Lakini nusura aondoke. Joto lilipoanza, kaka'ko Salum alikuja akakaa chumbani kwa mama, jasho linamtoka, esi inanguruma na chumba hakipoi. Akasema atamchukua kwake Bawshar.

Kazi yangu kuziba madirisha ya watu, baridi ya esi isivuje. Yetu sijayagusa. Ulinambia miaka, nkikujibu nitayaziba Ijumaa.

Basi Ijumaa hiyo nliziba. Nkawasha kijiti cha udi, nkakipitisha dirishani na mlangoni. Moshi ukiyumba, hapo pana upenyo. Mama akanicheka: "Mkwe, unafukuza majini?" Nkatia silikoni kotekote, chini ya mlango nkapigilia mpira. Hata lile tundu la hewa juu ya dirisha nkaliziba. Jioni mama kajifunika shuka kwa baridi. Nlifurahi.

Kesho yake kafukiza nguo zake, kama mlivyokuwa mkifanya siku zote. Makaa kwenye chetezo, mlango kaufunga baridi isitoke. Nliporudi kutoka kazini nkabisha. Nkausukuma mlango. Nlimkuta chini, katapika, hata jina langu halijui. Hewa mbaya ya makaa haikuwa na pa kutokea. Pote nimepaziba mie, kwa mikono hii.

Nlimbeba mpaka nje. Hospitali wakamtia hewa. Wakasema ningechelewa kidogo tu...

Salum nlimwambia yote, sikumficha. Akanitukana, haki yake. Akamwambia mama afunge nguo zake. Mama kalala pale kitandani, sauti hana, akamwambia: "Huyu kila asubuhi ananiuliza nimelalaje. Wewe simu yako naiona Idi kwa Idi. Sendi kwako."

Salum akatoka, hakuaga. Jana kaja tena, kaleta tende. Akamuuliza amelalaje.

Tundu nimelizibua. Baridi kidogo inatoka, wacha itoke. Nguo mama anafukizia uani. Nlimuomba radhi, akanambia nile, chakula kinapoa.

Nakukumbuka, Zuwena. Sijui kusema zaidi ya hapo.

Mama nitamtazama mpaka Mungu mwenyewe amtake, kama alivyokutaka wewe. Lala salama, mke wangu.