Nimesimama nyuma ya baba wa mchumba wangu, kisu mkononi

Mama Josephina, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba uje mapema, maana Jumapili ile ya baada ya Pasaka ikifika sijapata jibu, sijui uso wangu nitauweka wapi.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, ni fundi cherehani hapa Kashaulili, nyumbani kwetu ni Mwese, na shida yangu nakuomba usiicheke, kwa sababu imeanza kwenye mchezo lakini haikubaki kwenye mchezo. Mwaka jana mvua kubwa zilipokata reli, mzungu mmoja mchimba visima alikwama hapa Mpanda siku tisa akisubiri treni, na kwa kukosa la kufanya akamfundisha rafiki yangu mwalimu Salvator mchezo wa kwao wa kusimulia, yaani mnakaa mezani, kila mtu anakuwa mtu fulani wa hadithi, huyu shujaa, huyu mganga, huyu mwizi, na mwongozaji anawaambia mmefika pangoni, kuna jitu limelala, mnafanya nini, nanyi mnasema mnachofanya, halafu dadu ndiyo inaamua kama mmeweza au mmeshindwa. Mzungu alipoondoka aliacha kitabu na dadu moja ya pande ishirini, Salvator akatafsiri sheria kwenye daftari akawa mwongozaji wetu, ramani tunaichora kwa mkaa nyuma ya kalenda, na sisi wenyewe juu ya ramani ni vizibo vya soda.

Mimi ni mnyemelezi. Mnyemelezi, Mama, hana ngao wala nguvu, amevaa ngozi nyepesi na ana kisu kifupi, akisimama uso kwa uso na jitu anakufa kabla hajahesabu mbili, kwa hiyo akili yake yote ni kujua pa kusimama. Unamwacha mwenye ngao atangulie, adui akishamkazia macho yeye, wewe unazunguka ukutani kwenye kivuli mpaka nyuma, unachoma mara moja, na sheria inasema pigo la mnyemelezi ambaye hajaonekana linahesabiwa mara tatu, halafu unaondoka pale pale, hukai kuangalia ulichofanya. Nimewahi kutoa funguo kiunoni mwa jitu likiwa macho, nimewahi kumwaga mafuta mlangoni maadui sita wakaanguka kama magunia, na wenzangu wanasema hawajaona mnyemelezi kama mimi, lakini ukweli ni kwamba ujanja wangu wote unamtegemea mtu mmoja, mwenye ngao, na mwenye ngao ni Mzee Masunga.

Mzee Masunga ni Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, na tunacheza barazani kwake kila Jumapili baada ya ibada. Mwanzo alikuwa anakaa karibu yetu kuhakikisha hatuchezi kamari, wiki ya tatu akasema, "Huyu wenu wa ngao hana akili, anaacha ubavu wazi. Nipeni mimi." Shujaa wake akampa jina la Sajini, ambalo lilikuwa jina la ng'ombe wake wa plau aliyekufa, na alimpenda sana yule ng'ombe. Toka siku hiyo hatujashindwa. Miwani yake ilikanyagwa na ndama, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea dadu yake ikianguka, na sijamdanganya hata mara moja, na wenzetu wakiwa hawajafika namsomea gazeti hili, anataka nianze na ukurasa wako, Mama, ndipo tuje kwenye habari za mvua.

Sasa Jumapili iliyopita tuliingia kwenye kaburi la mfalme, Sajini mbele kama kawaida, akaona taji akalivaa, kumbe taji limerogwa, likamshika akili, akatugeuka. Pigo lake la kwanza likamwangusha mganga wetu, ambaye ni Scola, nesi wa zahanati, yeye ndiye anayetuponya wote, sasa yuko chini, akipigwa tena amekwisha na sisi tumekwisha, na mtu pekee aliye nyuma ya Sajini bila kuonekana ni mimi. Wote wakanitazama. Salvator akasema, "Usijibu leo. Mimi naenda Karema kwa dada yangu, nikirudi Jumapili baada ya Pasaka utatuambia." Scola akasema, "Kaka, mchome tu, mimi nina watoto," watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alichukua kofia yake akasema, "Mwanangu, fanya kazi yako," na sijui alikuwa na maana gani, toka hapo silali vizuri, juzi nimemshonea mteja shati mkono wa kulia nikauweka kushoto.

Mama, nikwambie lililobaki, ndilo kubwa. Mzee ana binti anaitwa Nyanzala, na mimi na Nyanzala ni wachumba huu mwezi wa kumi na nne, tunaonana Jumatano baada ya mazoezi ya kwaya, hatujafanya la aibu, lakini baba yake hajui. Ananikaribisha kama mtoto wake, ananiwekea karanga, ameniamini niwe macho yake, na mimi nakaa pale namsomea dadu huku naomba binti asipite akanitazama. Nilipanga Pasaka ikiisha nimtume baba mdogo atoke Mwese aje kuwa mshenga wangu. Sasa mshenga atamwambia nini mtu ambaye wiki hiyo hiyo mimi nimemchoma mgongoni? Wasukuma baba mkwe wanamheshimu, hata njiani unampisha, na kwetu sisi hatuna ng'ombe, nina cherehani na jina langu tu. Nikimchoma atasema kumbe ndivyo alivyo huyu. Nisipomchoma Scola anakufa, na atasema huyu ataweza kumlinda nani. Nilimwuliza Nyanzala, akanijibu, "Baba akipigwa teke na ng'ombe anacheka. Asipoambiwa kitu, halali," halafu akaenda zake bila kuniaga, nadhani na yeye amenichoka.

Nimefikiria kusingizia malaria siku hiyo. Nimefikiria kuchoma halafu nisome dadu uongo niseme nimekosa. Naogopa, Mama, naogopa kweli kweli. Nishauri, ila tafadhali usitaje majina yetu, na ukiichapa barua hii, mimi siku ya kumsomea Mzee nitairuka niende kwenye matangazo.

Mnyemelezi,
Kashaulili, Mpanda

*

Marahaba, Mnyemelezi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya kwanza nilidhani unataka kuua mtu kweli, nikavua miwani nikaomba maji. Mchezo wenu siujui, ila nimelea wavulana watano na nimefuga kuku miaka thelathini, kwa hiyo habari za kunyemelea usinifundishe.

Kwanza pole. Woga wako si wa kipuuzi. Kijana anayekosa usingizi kwa kuogopa kumvunjia heshima baba wa mwenzake amelelewa, na waliokulea huko Mwese wapongezwe.

Sasa kaa nikukaripie. Unanitambia kwamba umetoa funguo kiunoni mwa jitu likiwa macho. Vidole hivyo leo vimepatwa na nini? Adui yenu si Sajini, ni taji, na taji liko kichwani kwake, na wewe uko nyuma ya hicho kichwa. Mwizi mzima umesimama hatua moja kutoka kwenye kitu cha kuiba, unawaza kuchoma. Livue taji, mwanangu. Najua utaniambia kisu ni cha uhakika na mkono si wa uhakika, kwamba dadu ikikataa Sajini atageuka akuone. Ndiyo, atageuka, na mtatazamana, wewe na ngozi yako nyepesi. Hicho ndicho unachokiogopa kuliko kifo cha yule nesi wa watu, na hukuanza kukiogopa kaburini kwa mfalme. Una miezi kumi na minne unakiogopa.

Maana barazani kwa huyo mzee umekaa hivyo hivyo. Yeye anatangulia na uso wake na karanga zake, wewe unapita ukutani kwenye kivuli. Na binti je? Kila Jumatano akichelewa, anayeulizwa mlangoni ni yeye, wewe uko zako kwenye cherehani. Mbaya zaidi alishakupa dawa. Amekwambia baba yake teke linamchekesha, kutoambiwa ndiko kunakomnyima usingizi. Ukayaandika maneno hayo kwa mkono wako, ukayatia kwenye bahasha, ukabandika stempu, ukaniletea mimi niyasome kwa niaba yako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii mkuu alikuwa Nyanzala.

Fanya hivi. Malaria usiisingizie, huku kwetu haihitaji kuitwa mara mbili. Dadu usiidanganye hata siku moja, yako wala yake, kwa sababu mtu aliyekufanya macho yake ukimdanganya mara moja tu, hata kwa mchezo, huna pa kurudi. Jumatano imbeni, kisha kila mtu ashike njia ya kwao, mpaka mambo yawe peupe. Baba mdogo mwandikie leo, njia ya Mwese unaijua wakati huu wa mvua, usije ukampokea Pentekoste. Mahari na maneno yake ni kazi ya mshenga, usiiguse, na hao ng'ombe usiokuwa nao wasikutoe jasho, hakuna aliyekuuliza.

Ila nikuonye, mshenga naye ni mwenye ngao mwingine. Ukimtuma kabla Mzee hajajua kwamba mwaka mzima umekaa barazani kwake na jambo moyoni, utakuwa umefanya ujanja wako ule ule, na safari hii atakayegeuka si kizibo cha soda. Utaniambia mila hairuhusu kijana kujipeleka mwenyewe mbele ya baba wa binti na maneno ya posa. Ni kweli hairuhusu, na mimi sijamwambia mtoto wa mtu avunje mila tangu nianze kuandika ukurasa huu. Ndiyo maana barua yako nimeichapa yote.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, la Mzee, la binti, la nesi na la mwalimu, jirani hatawatambua. Jina la ng'ombe nimeliacha.

Gazeti hili litafika Mpanda kabla ya mwongozaji wenu kurudi kutoka Karema. Jumapili hiyo wahi, wenzako wasikukute. Mzee atakwambia uanze na Mama Josephina kama kawaida yake. Kijana haendi kujiposea, lakini anayesoma gazeti husoma kilichoandikwa, na hakuna mila ya Kisukuma wala ya kwenu ya Kibende inayomkataza. Kiti chako kiweke mbele yake, si pembeni. Anza kwenye shikamoo, soma taratibu, na ukifika kwenye jina la Sajini atajua ni habari zake. Usiinue macho kumpima. Endelea, pita kwenye aibu yako, pita kwenye makaripio yangu, usiruke hata mstari, mpaka ufike hapa ulipofika sasa.

Umefika. Likunje gazeti. Mnyemelezi akishapiga huondoka pale pale, umeniambia mwenyewe. Wewe leo usiondoke, mwanangu. Kaa hapo hapo mpaka Mzee aseme.