Sponji ya bwawa la Zuhura

Jumatano, nimeshaswali isha

Sijui nilichokosea. Bwawa nimelisafisha hadi chini, na samaki wa rangi wa mkamwana wangu Zuhura wako juu ya maji wanahema. Mwekundu amelala ubavu.

Zuhura yuko Utete anasubiri kujifungua. Aliniachia neno moja: "Mama, maji yawe safi." Basi leo nikaitoa ile sponji ya kuchujia. Ilikuwa na utando mweusi kama tope la mpungani. Nikaisugua kwa majivu na makumbi ya nazi, kama ninavyosugua mtungi. Na kuta za bwawa vilevile. Zikang'aa!

Walipoanza kuhema nikampigia simu. Nikamwambia kweli, maana kuficha sijui.

"Mama! Ule utando ndio unaosafisha maji, una vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki."

"Uchafu unasafisha? Mwanangu, uchungu umekupanda kichwani?"

Akacheka, kisha akauliza ni wangapi wanaohema. Samaki wale amewalea tangu wadogo kama kidole. Akasema niwaongezee maji ya pipa la mvua, kidogo kidogo, nisiwalishe, nisisugue tena kitu.

"Halafu?"

"Halafu uwaache, mama."

Kuacha! Nimelea watoto saba, hakuna aliyepona kwa kuachwa. Tope la mto huotesha mpunga, hilo nalijua, lakini samaki nao...

Maji nimewapa. Mwekundu anachezesha pezi moja, sijui ni uzima au anaaga. Nilikaa pale kandoni hadi adhana ya isha, mikono nimeikalia, maana ningeiachia tu ingeshika makumbi.