Mama Mdogo Efrazia na Breki za Pikapu

Malindi,
Lushoto.
18 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba Sefania,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Sumbawanga, na lile goti liwe limepata nafuu. Mama Yohane naye mfikishie shikamoo yangu.

Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu imetutesa, ukungu hautoki mpaka saa nne asubuhi. Bibi haondoki jikoni kwenye moto, ila anakula vizuri na anakutaja kila siku.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli mdogo wako Efrazia amegombana na kampuni ya magari, mtandao ukakatika kabla sijajibu. Ni kweli, Mjomba. Nakuandikia mwenyewe, maana ukingoja kusikia kwa watu yatakufikia yametiwa chumvi.

Unajua kuwa yeye na wenzake wa kikundi cha mboga walinunua pikapu mpya kabisa ya kupeleka kabichi na karoti Mombo. Dereva wao ni Jafari wa Shume, mtu makini asiyependa kukimbiza gari. Haukupita muda magurudumu ya mbele yakaanza kulia. Si mluzi ule wa breki zenye vumbi. Ni kusaga, chuma kwa chuma, mpaka meno yanakufa ganzi. Siku moja, wakishuka kona za Soni, Jafari alikanyaga breki gari likavutwa upande wa bondeni. Mama mdogo alikuwa amekaa upande huohuo. Aliniambia aliona vilele vya miti chini ya dirisha lake.

Wakalipeleka kwa wakala wa kampuni, Tanga. Pedi za breki zikabadilishwa, sauti ikarudi. Walipokwenda tena wakaambiwa ni vumbi la milimani. Baadaye lawama zikamwangukia Jafari, eti hajui kushuka mlima. Meneja akamalizia kwamba waranti, ile dhamana ya gari jipya, haihusu breki, kwa sababu breki ni kitu cha kuisha.

Hapo ndipo nilipomjua mama mdogo. Alirudi akaegesha pikapu uani kwake, akaweka ufunguo mfukoni. Na kabichi zilikuwa zimekomaa shambani! Halima, mwenyekiti wa kikundi, alikuja amekasirika.

"Efrazia, mboga zinaoza. Kwani breki hazishiki?"

"Zinashika leo," akajibu. "Halima, mimi siwezi kumpa Jafari ufunguo huu halafu nikapata usingizi."

Kabichi nyingi tulilisha ng'ombe. Za kwake ndizo zilizotangulia.

Akawa anawapigia wakala simu kila asubuhi, hana matusi wala kelele, anawasalimia kwanza na kuwauliza habari za nyumbani. Alichoomba ni fundi wao aje washuke mlima pamoja. Mwishowe wakachoka, wakamtuma fundi wao mkuu, anaitwa Abdallah. Tulitoka Lushoto Jafari akiendesha, gari likiwa tupu, polepole, nami nimekaa kiti cha nyuma. Mpaka Soni breki hazikulia. Nikaanza kuona aibu kwa niaba ya mama mdogo. Tulipoanza kuteremka, ile sauti ikaja.

"Simama," Abdallah akasema. "Hatuendelei."

Alifungua gurudumu palepale kando ya barabara. Pedi ya ndani ilikuwa imeisha mpaka chuma, ya nje bado nzima. Alitueleza kwamba kile kinachobana pedi kimekwama, hakirudi nyuma mguu ukitoka kwenye breki, kwa hiyo inasagika njia nzima. Akafuta mikono, akamtazama mama mdogo.

"Mama, hili si kosa la dereva. Limetoka hivi kiwandani, na ofisini nitasema hivyohivyo."

Na kweli alisema. Nilimheshimu sana, Mjomba, maana mshahara wake unatoka kwa haohao.

Ungedhani yameisha. Gari lilivutwa mpaka Tanga, meneja akamwita mama mdogo huko, akamwambia watatengeneza kila kitu bure, ila atie sahihi kwamba hatalizungumza jambo hili popote. Nilikuwepo. Mama mdogo akauliza, "Zahanati moja kule Rangwi ina gari kama hili, linabeba wajawazito. Hilo mmelitazama?"

"Hilo si lako, mama," meneja akasema.

Akaiweka kalamu mezani. "Basi na langu libaki hapa."

Tukarudi nyumbani kwa basi. Nilijua kikundi kitamrarua, na Halima ndiye tuliyemkuta wa kwanza kituoni. Alisikiliza yote, akamchukulia mama mdogo mkoba wake akasema, "Twende tukampigie huyo dereva wa zahanati."

Dereva huyo, Omari, alikuwa ameanza kusikia sauti lakini akaipuuza. Alipofungua gurudumu, pedi ya ndani ilikuwa inakaribia chuma. Kikundi na zahanati wakapeleka malalamiko serikalini kwa pamoja, Abdallah akaitwa akaeleza alichokiona bila kupunguza. Mwezi uliopita kampuni ikakubali: pikapu zote za toleo lile zirudishwe zitengenezwe, kwa gharama yao. Sasa Jafari anashuka Soni na mzigo, na ndani ya gari unasikia watu wakizungumza.

Jumapili iliyopita mchungaji alimwita mama mdogo mbele aseme neno. Watu tulijiandaa kumpigia makofi. Alisimama anashika-shika kitenge chake.

"Mimi niliogopa tu," akasema. "Namshukuru Mungu hakuniondolea ule woga."

Akarudi kuketi. Hakuna aliyepiga makofi, Mjomba. Halima alikuwa analia.

Bibi anakusalimu sana, na Jafari pia. Nisalimie Yohane na Evelina, waambie viazi vya huku vinawangoja. Bwana awalinde ninyi nyote, na kila safari yenu aifikishe salama.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye siku zote,
Glory