Mstari Mweusi Ukuchani

Kaka mpendwa,

Natumaini u mzima, wewe, wifi na watoto, na goti lako limepata nafuu. Mimi sijambo kabisa.

Mwezi uliopita nilistaafu, na chuo kikanifanyia sherehe. Ukumbi ulifurika! Unakumbuka ulivyonitania kuwa nimesomea chunusi? Hata madaktari wenzangu walisema saratani za ngozi ni adimu, nitakaa kliniki nikipiga miayo. Kumbe wagonjwa walikuwepo, wengi saratani imewaota nyayoni, ila walifika wamechelewa, wameshapakwa dawa za fangasi hadi basi. Nikavichunguza vipande vya ngozi zao kwa darubini miaka nenda rudi, nikafundisha nilichokiona. Leo hata daktari wa zahanati humvua mgonjwa viatu kwanza, ndipo aandike dawa. Fundi cherehani niliyemtibu unyayo alipanda jukwaani kwa miguu yake miwili, akacheza. Nililia mbele za watu, sikuona haya.

Sasa kaa chini, kaka. Kuna jambo nimekuficha.

Mwaka jana nilimwagikiwa maji wodini, nikavua viatu ofisini vikauke. Akaingia daktari kijana niliyemfundisha, tunayemwita Kimya kwa kuwa maneno yake ni ya kuhesabu. Akakitazama kidole changu gumba cha mguu, akauliza kuhusu mstari mweusi ukuchani. Nikamjibu ni kiatu kimenibana.

“Profesa, wewe ndiye uliyetufundisha,” akasema. “Damu ya kubanwa husogea ukucha unapokua. Mstari huu umeingia mpaka kwenye ngozi.”

Nikamwambia aache uchuro. Akafunga mlango, akasema hatoki mpaka nikubali kipimo. Kimya huyo!

Mganga hajigangi, kaka. Ilikuwa saratani ileile niliyoitafiti maisha yangu yote. Kidole alikikata yeye mwenyewe. Haikuwa imesambaa, na kila kipimo tangu hapo ni safi.

Sikukuambia kwa kuwa ungeacha kila kitu uje, na goti lenyewe hilo. Usinisikitikie. Nilikuwa nikihofu kwamba nikiondoka, kazi hii itaondoka nami. Nishani walizonivisha ni nzuri, lakini hakuna iliyonipa fahari kama kukemewa na mwanafunzi wangu, naye akawa amesema kweli. Kiti changu sasa anakikalia yeye.

Wabusu watoto, mpe wifi salamu zangu tele. Nitakuja wiki ijayo, na ole wako unipokee na mkongojo wa kunipa, natembea vizuri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Daktari wa Chunusi